Unyevu unaopanda kutoka chini, Mji wa Kale, Mombasa: saruji yenye dawa, sindano au chokaa?

BintiKibokoni
Assalaam aleikum jamaa. Nyumba yetu ya Kibokoni ni ya marehemu babu, mawe ya matumbawe kwa chokaa, kuta unene wa nusu mita hivi. Chumba cha chini rangi yabambuka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na ukipitisha kidole watoka unga mweupe wa chumvi. Nguo kabatini zanuka uvundo, na masika ndiyo balaa zaidi. Kila fundi aja na lake: mmoja ataka kubandua plasta yote apige saruji yenye dawa ya kuzuia maji, mwingine atoboe matundu chini ya ukuta adunge kemikali, na mzee mmoja wa mtaani asema turudishe chokaa. Mama ndiye alalaye humo na ana pumu, kwa hivyo sitaki kubahatisha. Mwanishauri vipi?

FundiLikoni
Waaleikum salaam dada. Kabla ya plasta, jua maji yatoka wapi. Kata kipande cha nailoni, kilaze sakafuni, kizibe pande zote kwa selotepu, ukiache siku mbili. Ukikuta matone chini yake, unyevu watoka ardhini. Yakiwa juu, ni ya hewa ya chumbani. Kisha zunguka nje: bomba linalovuja, karo, shimo la choo, na kama njia imepanda kupita sakafu yako. Hilo la mwisho huko Mji wa Kale naliona sana, wanaweka tabaka jipya juu ya kuukuu hadi nyumba inabaki shimoni.

MzeeWaKuze
Mwanangu, mzee wa mtaani kwenu kasema kweli. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Ukiuvika saruji, maji hayakomi kuja, yanakosa tu pa kutokea, basi yanapanda hadi yapite juu ya plasta mpya. Tena saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, siku ikibanduka inaondoka na jiwe. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ni matumbawe na chokaa na bahari iko mlangoni pake.
Chokaa yataka subira. Uiloweke kwa majuma, uchanganye sehemu moja kwa tatu za mchanga, upige tabaka nyembamba, kila moja uinyunyizie maji isikauke kwa haraka. Na rangi iwe ya chokaa. Ukipaka ya mafuta umeuziba ukuta tena.

KisauniMjengo
Kwa heshima mzee, chokaa haizuii maji. Chumvi itaendelea kutoka na baada ya miaka utapiga tena. Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji, chini ya sakafu kuna nailoni ya geji 1000 (kipimo cha unene), imepishana sentimita 30 kwenye maungio na kuunganishwa na dipisi ya ukutani (DPC, tabaka la kuzuia unyevu usipande ukuta), ambayo iko sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Ukuta mkavu kabisa.

FundiLikoni
Hiyo ni nyumba mpya, kaka, na ulivyofanya ndivyo. Ya dada haina dipisi na huwezi kuipenyeza leo. Sindano nayo hufaa ukuta wenye mistari ya matofali iliyonyooka. Ndani ya ukuta wa kale mna vifusi na mapengo, dawa inapotelea humo. Pesa hizo ningezipeleka nje, kushusha udongo na kutengeneza mfereji. Ile plasta ya chokaa kupigwa tena ni sawa: ndiyo inayobeba chumvi badala ya jiwe. Mchanga tu usiwe wa ufuoni, una chumvi yake.

MvitaUghaibuni
Niko Marekani, North Carolina. Huku nyumba nyingi zina uvungu chini ya sakafu ya mbao. Zamani walisisitiza matundu ya hewa, lakini kiangazi hewa ya nje yenye unyevu ikigusa mbao zilizopoa hugeuka maji na ukungu unaota. Siku hizi wengi wanaziba matundu, wanatandika nailoni juu ya udongo wote hadi ukutani, na kuweka mashine ya kukausha hewa. Dada, fungua madirisha sana kaskazi, Januari na Februari. Usiku wa mvua hewa ya nje haikukaushii kitu. Ile sufi ya kuzuia baridi wanayoweka huku chini ya sakafu usiinunue, joto la Mombasa laingia kutoka paani.

BintiKibokoni
Shukrani nyote. Nailoni imelowa chini, na nje njia imepita sakafu yetu kwa kimo cha ngazi moja. Tutakwenda kwanza ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale, ile ya Makavazi ya Taifa, kabla ya kugusa ukuta. Swali la mwisho: sakafuni niweke nailoni na taili?

FundiLikoni
Usiweke bado. Ukiziba sakafu yote, maji ya chini yatakimbilia kutani. Maliza nje kwanza, uone masika yajayo. Ikibidi kumimina sakafu mpya, acha ukanda wa kokoto na chokaa kando ya kuta. Na kitanda cha mama kisogezeni mbali na ukuta leo hii.