Maza anabadilishiwa goti, anaogopa sindano ya ganzi ya paja, naombeni ushauri

Wakuu habari za muda huu. Maza ana miaka 68, goti la kulia gegedu limeisha kabisa mfupa unasaga mfupa, wiki ijayo anawekewa goti bandia. Atachomwa ganzi ya mgongo, halafu daktari wa usingizi anasema wataongeza na sindano ya paja ya kuzima neva ili akitoka thieta maumivu yasimzidi. Kusikia hivyo kagoma, anasema mguu utapooza jumla. Ana presha na anameza aspirini. Mliopitia hili nimwambieje?

Mjukuu wa Chifu: Pole sana mkuu. Mzee wangu alichomwa hiyo, jioni yuko kitandani anapiga stori na ndugu. Ila usiku ganzi ilipoisha maumivu yalimjia kwa mkupuo, na alikuwa kakataa vidonge eti haumwi. Maza asikatae vidonge.

Nesi wa Mifupa: Huyo wa juu kasema la muhimu. Ganzi ya mara moja hukaa kama saa 12 mpaka 24, kwa hiyo panadol na dawa zingine zinatakiwa ziwe zimeshaingia kabla haijaisha, hata kama mgonjwa anajisikia freshi. Halafu muulizeni daktari anachoma wapi. Ikichomwa kinenani msuli wa mbele wa paja unalegea, mgonjwa akisimama goti linakunja anaanguka. Siku hizi wengi wanachoma katikati ya paja upande wa ndani wakiangalia kwa altrasaundi, pale maumivu ya mbele ya goti yanapungua na nguvu inabaki kwa sehemu kubwa, anaweza kuanza mazoezi mapema. Nyuma ya goti bado patauma kiasi, kuna sindano nyingine ya huko. Hata hivyo asiende chooni peke yake jamani, wagonjwa wanaanguka hapo.

Mleta uzi: Asante sana dada. Na mguu kupooza jumla?

Nesi wa Mifupa: Neva kuumia kwa kudumu ni nadra sana mdogo wangu. Aspirini mwambieni daktari wa usingizi mapema, msiisimamishe wenyewe, na diklofenaki msimpe kienyeji maana ana presha, figo zinaweza kuumia. Wakati wa kuchomwa akisikia masikio yanavuma au ulimi unakufa ganzi aseme hapohapo.

Mleta uzi: Nimemsomea yote, kasema kesho anataka amuulize daktari mwenyewe anachoma wapi.