Benchi la barazani kwa poketi holi, litabeba watu kweli?

kijana_buhongwa
Mwangaluka wakuu. Niko Buhongwa hapa, nataka nitengeneze benchi la barazani mwenyewe, urefu futi 5, kimo sentimita 45 hivi, wakae watu watatu jioni wapunge upepo. Nimeangalia video nyingi YouTube Wamarekani wanaunga mbao kwa poketi holi, yani unatoboa tundu la mshazari kwenye mbao moja upande wa ndani usioonekana, skrubu inapita humo inaenda kuuma mbao ya pili, hakuna patasi hakuna kuchonga ulimi (ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine), mara fremu imesimama. Drili ya chaji ninayo, msumeno ninao, jigi ya plastiki, kile kifaa cha kuongoza biti itoboe mshazari, nimeona naweza kuagiza. Sasa jirani yangu fundi kaziangalia hizo video akacheka sana, anasema hilo ni benchi la kupigia picha, akikaa shemeji mwenye mwili wake miguu inatawanyika kama ya ndama. Naombeni ukweli, inashika haishiki? Na mbao ndio paina, mninga kwangu naangalia tu bei napita.

nyegezi_kona
Inashika mkuu, mimi viti na meza kwangu ni hizo hizo na watoto wanapanda juu. Ila wengi wanaharibu kwenye skrubu. Pima unene wa mbao yako baada ya kuranda, usiamini jina, hiyo inchi 2x4 ya dukani ikitoka kwenye randa sio 2 tena. Ikibaki milimita 38 unatumia skrubu ya inchi 2 na nusu, mbao nyembamba ya 19 unatumia inchi 1 na robo, na ile ringi ya kwenye biti na jigi unaziseti kwa unene huohuo ili skrubu itokee katikati ya kichwa cha mbao, yani pale mwisho ilipokatwa. Paina ni laini kwahiyo chukua skrubu zenye meno mapana yaliyoachana, meno ya kubanana ni ya mbao ngumu kama mninga au mkongo.

Kingine, tundu linakaa kwenye mbao ya kukingama, skrubu inaenda kuuma ubavu wa mguu. Ukigeuza, utoboe mguu halafu skrubu iingie kwenye kichwa cha ile ya kukingama, meno yanashika nyuzi kwa urefu wake na hapo hakuna kushika kitu, ukivuta inachomoka na unga.

randa_na_patasi
Jirani yako hajakosea sana na hajapatia sana. Mimi ni fundi Mabatini, ulimi nauchonga kila siku na siachi, ila benchi la barazani sio paa la kanisa. Shida ya poketi holi ni kuyumba, sio uzito wa kushuka chini. Mtu akikaa ametulia hakuna neno, sasa mtu anakaa huku anajivuta nyuma, anajinyoosha, anaegemea upande mmoja avae kiatu, hapo ndio kiungo kinafanya kazi. Ulimi una mashavu mapana yamebanwa kwenye tundu kwahiyo unagoma, skrubu mbili zenyewe zinabaki kung'ang'ania nyuzi chache tu.

Kwahiyo fanya hivi dogo. Miguu ipande mpaka juu iguse mbao za kukalia, uzito utue kwenye mbao yenyewe, skrubu ibaki na kazi ya kuzuia kiungo kisifunguke tu. Mbao za kukingama za juu ziwe pana, inchi 4, kila mwisho skrubu mbili zilizoachana, moja karibu na juu moja karibu na chini. Halafu weka za chini kule miguuni, fupi mbili za upande na moja ndefu ya kati inayoziunganisha. Watu wanaiacha hiyo ya chini wanasema inakaa kishamba. Bila hiyo mwaka hauishi linalia kwii kwii.

kijana_buhongwa
Shukrani mzee wangu, nimekusoma. Maswali mawili. Skrubu zile nyeusi za jipsamu zimejaa kila duka hapa, siwezi kutumia? Na jigi ikichelewa kufika hakuna namna?

nyegezi_kona
Za jipsamu achana nazo kabisa. Ziangalie kichwa chake, chini kimechongoka kama koni, ukikaza ndani ya lile tundu kinasukuma mbao kama kabari na paina inapasuka pale pale mwishoni. Ya poketi holi kichwa chake chini ni bapa, kinakaa kwenye kingo ya tundu kinavuta. Alafu ile nyeusi ni ngumu ila haipindi, ikizidiwa inakatika shingo. Ukikosa kabisa tafuta skrubu yoyote ya mbao yenye kichwa bapa chini, au weka washa, ile pete bapa ya chuma.

Jigi unaweza kuchonga ya mti mgumu, kipande cha mninga au mkongo, unatoboa tundu moja la mshazari wa digrii 15 kutoka uso wa mbao unalitumia kama njia. Biti ya milimita 9 au 10 kwanza, simama kabla haijatokea upande wa pili, halafu badilisha biti ya 3 au 4 umalizie. Ile ya dukani inafanya zote mbili kwa mpigo kwasababu biti yake ina ngazi. Ya mti itatanuka baada ya matundu kadhaa, kwa benchi moja inatosha. Na usikaze skrubu kabla hujabana mbao na krampu (kibanio), mshazari unasukuma mbao, utaona kiungo kimepanda milimita mbili hivi hivi unaangalia. Drili shusha nguvu, malizia kwa mkono.

sato_mkavu
Muulize kwanza shemeji ana kilo ngapi ndio tushauri 😂😂

mama_wa_igoma
Hamjamwambia habari ya mbao mbichi. Paina inayoshuka hapa, iwe ya Buhindi au ya Rubya kule Ukerewe au inayotoka Sao Hill, mara nyingi ukinunua inateleza maji bado. Ukiunga hivyo hivyo inakauka inasinyaa, skrubu zinabaki zinacheza na kiungo kinaachia mwanga, halafu lawama zinaenda kwa poketi holi. Ipange kivulini juu ya vijiti hewa ipite kila upande. Mimi nakata kipande kimoja nakipima kwenye mizani ya dagaa kila baada ya siku chache, kikiacha kupungua ndio naanza kazi.

Za kukalia weka mbao nne au tano za inchi 3, ziachane milimita 5 hivi, maana mbao inatanuka kwa upana, kwa urefu ni kama haitanuki, na mvua za huku mnazijua, maji yapate pa kupita. Usiweke ubao mmoja mpana ukaukaza kila kona, utapasuka katikati. Zifunge kwa chini, skrubu zipande kutokea mbao za kukingama, juu pasionekane kitu. Midomo ya matundu yote iangalie chini au ndani, ikiangalia juu inakuwa vikombe vya maji na skrubu inaoza humo humo. Baraza lako likipigwa na mvua nunua za stenlesi. Vichwa vya miguu kule chini vipake vanishi mara mbili tatu mpaka vikatae kunywa, na kama ni udongo weka tofali kila mguu, mchwa wa Buhongwa hawana adabu.