Mrejesho: ile ratiba ya shule iliyonitoa jasho

Wakuu, habari za jioni. Mwezi Januari nililia hapa: shule ya kata, mikondo minane, mwalimu mmoja wa Fizikia mwenye vipindi 32 kwa wiki, na Jumatano alikuwa anaingia sita mfululizo. Asanteni sana kwa ushauri mlionipa.

Nilimfuata yule aliyesema niifute ratiba yote, nianze na kilicho haba. Mimi na mtaaluma (mwalimu wa taaluma) tulibandika manila ofisini, tukakata vikadi, kila mwalimu na rangi yake. Tukapanga kwanza Fizikia na maabara, vipindi pacha vya dakika 80 kwa ajili ya vitendo, kisha Hisabati, halafu mengine. Ilituchukua Jumamosi mbili. Sasa mwalimu wa Fizikia haingii zaidi ya vipindi vitatu bila kupumzika, na chai anakunywa ikiwa moto. Kwa kweli sikujua kama hilo tu lingemrudishia tabasamu.

Ule ushauri wa kuunganisha mikondo ya Kidato cha Kwanza umeshindikana. Chumba hakitoshi, wa nyuma wanasimama dirishani. Baada ya wiki mbili niliitenganisha. Hisabati asubuhi, kama mlivyoshauri, nimeipata kwa Kidato cha Pili na cha Nne pekee. Wengine bado wanaisoma saa saba na jua lake.

Aliyenikumbusha swala ya Ijumaa, ubarikiwe. Kipindi cha Kemia kilichokuwa kikipotea pale nimekihamishia Alhamisi.

Bado natafuta mwalimu wa kujitolea wa Fizikia. Mwenye fununu aje PM.