Naomba ushauri: je, nimwachishe mama yangu maziwa ili aishi zaidi?

Binti_wa_Kiruhura: Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Mama yangu ana umri wa miaka 68, anaishi kijijini Kiruhura, kwetu wafugaji magharibi mwa Uganda, na tangu utotoni maziwa ndiyo chakula chake cha asubuhi na jioni. Nimesoma habari za utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ, ambamo wanawake waliokunywa bilauri tatu au zaidi kwa siku walifariki kwa wingi kuliko waliokunywa chini ya bilauri moja. Mama huvuka kiasi hicho kabla ya adhuhuri. Je, nimwachishe kabisa? Naomba jibu la wazi, kwa kuwa muda hauniruhusu kungoja.

Mzee_wa_Arua: Binti yangu, baba yangu mzazi alikunywa maziwa hadi uzee wake wote, akawazika ndugu zetu wengi kabla ya kufa yeye. Kinachomaliza watu siku hizi ni soda, chipsi na kupanda bodaboda hata kwenda dukani. Zaidi ya hayo, mzazi haachishwi chakula kama mtoto mchanga. Huombwa, na akikataa huheshimiwa.

Mwalimu_Jinja: Utafiti huo naufahamu, na ni vyema usomwe mpaka mwisho. Uliwafuatilia wanawake 61,433 na wanaume 45,339, na wanawake hao hao waliopendelea mtindi na jibini walionekana kufariki kwa uchache, jambo ambalo wengi wanaoutaja hulisahau. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mwingine wa watu zaidi ya 136,000 kutoka nchi 21, jirani zetu Tanzania wakiwemo, na humo waliotumia maziwa na mazao yake zaidi ya mara mbili kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wasioyatumia kabisa. Tafiti zote mbili zilitazama tu jinsi watu wanavyoishi, hazikumpangia mtu chakula, kwa hiyo hakuna hata mmoja unaoweza kuthibitisha kwamba ni maziwa yaliyoua au yaliyookoa. Mama wa Kiruhura anayetembea na ng'ombe kutwa hawezi kupimwa kwa kipimo cha mwanamke wa Uppsala, Sweden.

Hajjati_Kibuli: Mimi daktari alinipunguzia samli kwa sababu ya mafuta katika damu, nikalia kwa kuwa wali bila samli kwangu si wali. Nikazoea. Mpunguzie mama mafuta, mwanangu, mwachie mtindi wake.

Muuguzi_Mbarara: Dada, kuna jambo hujalisema. Mtu anayehofia maradhi ya miaka ishirini ijayo haandiki kwamba muda haumruhusu kungoja. Mama anaumwa nini sasa? Na maziwa hayo huchemshwa?

Binti_wa_Kiruhura: Nilidhani hayo hayahusiani na swali langu. Mama hupata homa inayokuja jioni na kuondoka, hutokwa na jasho jingi usiku, na mgongo na nyonga humuuma hata kuinuka ni shida. Ametibiwa malaria, homa ikarudi. Maziwa huyanywa mabichi kwa sababu husema yaliyochemshwa hayana ladha wala nguvu. Tafadhali msinione mwenye pupa: nimeshamwagiza mchungaji apeleke maziwa yote kwenye kituo cha kukusanyia, nimemnunulia mama unga wa soya, na nimepokea malipo ya awali ya mtu anayetaka kuwanunua ng'ombe. Kundi lenyewe limekuwa mzigo, kwani majike kadhaa yametupa mimba msimu huu. Naamini ni uamuzi wa busara, nataka tu kujua kama mnauunga mkono.

Fundi_Bwaise: Uzi huu una walakini. Mtu anayesoma majarida ya Ulaya hajui kwamba maziwa huchemshwa? Soya nayo imetokea katikati ya habari bila kuitwa. Nimeshaona hadithi za namna hii zikiishia kwenye namba ya simu ya muuzaji. Msimamizi auchunguze kabla watu hawajatapeliwa.

Mzee_wa_Arua: Nami nimeanza kuingiwa na shaka.

Binti_wa_Kiruhura: Siuzi chochote, wala sijataja jina la soya hiyo. Kujua kwangu hakumchemshii mama maziwa. Yeye huyahifadhi katika ekyanzi, chombo chetu cha jadi cha maziwa, iliyofukizwa moshi wa nyasi kama mama yake alivyofanya, na kila nikitaja sufuria huniambia nimekwisha kuwa mtu wa Kampala. Mkitaka kuufunga uzi, fungeni, lakini kwanza mnijibu.

Muuguzi_Mbarara: Hata kama hadithi ingekuwa ya kubuni, wapo wengi wanaosoma hapa ambao kwao ni ya kweli, kwa hiyo nitaijibu. Homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na nyonga, maziwa mabichi, na ng'ombe wanaotupa mimba: hayo yakikutana, jambo la kwanza kupimwa ni brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Bakteria wake hupita katika maziwa mabichi, na moshi wa ekyanzi hauwaui. Kugandisha maziwa mabichi kuwa mtindi pia si kinga ya kutegemea. Kuchemsha huwaua. Mpeleke hospitali apimwe damu, umweleze daktari habari za ng'ombe, maana asipoambiwa anaweza kurudia dawa za malaria. Akikutwa nao, tiba ni dawa za aina mbili kwa pamoja kwa wiki 6 au zaidi, na asiziache homa ikishuka, kwa sababu ugonjwa hurudi, na mara chache hufika kwenye moyo. Kuhusu kundi, usikabidhi ng'ombe hata mmoja kabla daktari wa mifugo wa wilaya hajawapima, na mnunuzi aambiwe leo. Maziwa yanayopelekwa kituoni nayo yasimamishwe mpaka majibu yatoke.

Binti_wa_Kiruhura: Malipo ya awali nimeshayatumia kwa ada ya shule ya wadogo zangu.

Muuguzi_Mbarara: Hilo zungumza na mnunuzi, mkubaliane tarehe ya kulipana.

Binti_wa_Kiruhura: Nitampigia. Je, mchungaji naye apimwe? Ndiye aliyewazalisha hao majike kwa mikono yake.

Muuguzi_Mbarara: Apimwe siku hiyo hiyo pamoja na mama. Na ng'ombe mwingine akitupa mimba, asiiguse kwa mikono mitupu.