Choo kwenye mwamba, Mwanza: shimo linajaa kila baada ya wiki mbili, na taka hazishuki mlimani

mpangishaji_mlimani

Mwangaluka wakuu. Nyumba ya kupangisha, vyumba 8, watu 24, iko juu ya mawe upande wa Igogo. Choo ni kimoja. Shimo lina mita 1.5 kwa 1.5, na kwenda chini ni mita 1.3 tu, hapo mwamba ukakataa. Maji ya bafu yanaingia humo humo. Linajaa baada ya wiki mbili hivi, na gari la majitaka halifiki: barabara iko chini kama mita 70 kwa kuhesabu njia ya mguu. Baadhi ya majirani husubiri mvua kubwa wakatapisha, yaani wanafungulia choo kinyesi kiende na maji. Sitaki kufanya hivyo, lakini masika yanakaribia. Nifanye nini kwanza? Na taka pia: gari linaishia barabarani, wapangaji wanatupa korongoni.

fundi_mawe

Mkuu, anza na hesabu kabla ya sementi. Shimo lako lina lita 2,900 na kidogo. Mtu akienda chooni mara 4 kwa siku na kumwaga lita 2 kila mara, watu 24 wanaingiza lita 192. Kinyesi na mkojo ongeza lita 36 hivi. Bafu, lita 15 kwa kila mtu, ni 360. Jumla lita 588 kwa siku. Shimo lisilovuja lingejaa kwa siku 5. Lako linachukua wiki mbili, kwa hiyo sehemu kubwa inapita kwenye nyufa za mwamba na kutokea chini kwa watu. Kagua ukuta wa nyuma wa nyumba iliyo chini yako. Ukiona ukungu wa kijani hata kiangazi, usitafute mchawi.

Kinyesi chenyewe si mzigo. Kikiiva, mtu mmoja huacha lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Watu 24 ni kama mita moja na robo za ujazo. Yaani bila maji, shimo hilo hilo dogo lingekaa miaka miwili. Tatizo lako ni maji, na anayekushauri uvunje mwamba uongeze mita moja anakuuzia siku chache tu.

La kwanza basi, toa bafu kwenye shimo. Wiki hii. Bomba la inchi 2, chemba ndogo ya kunasa mchanga na nywele, maji yaende kivyake.

nyota_ya_ziwa

Fundi, maji ya bafu si ayapeleke kwenye migomba? Wengi wanafanya hivyo na ndizi zinastawi.

fundi_mawe

Zinastawi, ila hazimalizi maji. Ukanda wetu ardhi na majani hutoa milimita 4 hadi 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa mita moja ya mraba. Lita 360 zinataka mita za mraba 72 za migomba, na mlimani nani ana nafasi hiyo? Kitalu cha mita za mraba 10 kinabeba lita 50. Masika hakibebi kitu.

bibi_afya

Naongeza kwa tahadhari. Maji ya bafu si maji safi. Ndoo ya kufulia nepi ni kinyesi kilichochanganywa na sabuni, na katika nyumba ya vyumba 8 nepi hazikosekani. Hizo zimwagwe chooni, kokote bafu litakapoelekea.

Kuhusu kutapisha, watu hudhani mvua inasafisha. Mvua inasafirisha. Kinachotoka mlimani kinaishia mto Mirongo au mtaro mwingine, kisha ziwani, na maji ya bomba la jiji yanavutwa ziwa hilo hilo, Capri Point. Yanatibiwa, ndiyo, lakini wanaochota kwa ndoo ufukweni hawana mtambo. Kinyesi chenye mayai ya kichocho kikifika majini, vimelea huingia kwenye konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeogelea au mama anayefua. Kipindupindu hakihitaji hata konokono.

Na tafadhali: chumvi, dizeli na maji ya betri havipunguzi choo. Dizeli inaua viluwiluwi wa mbu, basi. Maji ya betri yanaua bakteria wanaokula kinyesi, halafu yanamngojea anayeingia kuzibua.

fundi_mawe

Bibi kasema kweli kuhusu nepi, nilipitiliza.

Sasa njia ya kudumu. Karo kubwa lililozibwa halikufai. Hata bila bafu una lita 228 kwa siku. Karo la lita 4,000 linajaa siku ya 18. Utalipia gari hadi uuze nyumba. Kwa hiyo ama maji yapate njia ya kutoka, ama choo kiwe kikavu.

Kikavu maana yake choo cha kuinuliwa chenye vyumba viwili juu ya mwamba, ngazi 5 au 6 kupanda. Kila chumba upana mita 1.2, urefu 1.6, kimo 1.3. Tofali za bloku inchi 6, plasta ya ndani moja kwa tatu (sementi kwa mchanga) yenye dawa ya kuzuia maji, kisha piga niru, yaani uji wa sementi. Zege la juu sentimita 10, moja kwa mbili kwa nne (sementi, mchanga, kokoto), nondo za milimita 10 kila sentimita 15. Bomba la hewa inchi 4 lipite paa kwa nusu mita, mdomoni wavu wa nzi. Bila wavu umejenga hoteli ya nzi. Mkojo na maji ya kutawaza vina njia yao, havishuki chumbani. Kila mtu akimaliza, kikombe cha majivu. Chumba kikijaa unafunga, unahamia cha pili.

Ila sikudanganyi: hiki ni choo cha familia moja inayoelewana. Wapangaji 24, mmoja akimwaga ndoo ya maji ndani, mwezi mzima wa ukavu umepotea.

bibi_afya

Na kikifungwa kikae mwaka mzima bila kuongezwa kitu, ndipo kifunguliwe. Mayai ya minyoo ya duara ni sugu. Kuona udongo mweusi usio na harufu baada ya miezi mitatu si ushahidi.

chemba_40

Kwa idadi hiyo ya watu, jibu ni bomba dogo la pamoja. Mwanza mfumo huu upo: sehemu za Igogo, Mabatini na Kilimahewa mabomba yanapita kwenye vichochoro na juu ya mawe, yanaungana na mfumo wa jiji kuelekea mabwawa ya Butuja, Ilemela. Uliza mamlaka ya maji chemba ya karibu iko wapi kabla ya kununua hata kiwiko kimoja.

Kutoka chooni inchi 4, kichochoroni inchi 6. Mteremko wa chini kabisa ni milimita 5 kwa mita. Mlimani shida ni kinyume, maji yanaruka kwenye kona. Kwa hiyo kila kona chemba ya sentimita 40 kwa 40, na hata panaponyooka usizidishe mita 20 hadi 30 kati ya chemba na chemba. Bomba likipita juu ya jiwe, toboa jiwe sentimita 15, simika nondo ya milimita 12, funga bomba, kisha lifunike lote kwa zege. Likiachwa wazi, jua linalikausha, na siku mtoto akilikanyaga linapasuka.

Sinki la choo liwe na shingo ya maji (kona inayobaki na maji ndani), vinginevyo harufu ya mtaa wote inapanda chumbani kwako. Maji ya paa yasiingie kabisa: mvua moja ya masika inajaza bomba, chemba ya nyumba ya chini kabisa inafumuka, na ugomvi unaanza hapo.

Vinavyoziba ni vile vile kila mahali: pedi, matambara, mchanga wa kusugulia sufuria. Chagueni watu wawili wenye fimbo za kuzibulia na glavu, na mchango wa kila mwezi ukusanywe kabla pajazibika. Bomba lililoziba halikusanyi pesa, kila nyumba inasema si langu.

Kwa masika haya: gari kuwa chini yako ni bahati. Shimo likiwa juu ya gari, uzito wa maji unasaidia kuvuta. Kinachokwamisha ni urefu wa mpira na uzito wa tope. Tafuta mwenye mipira ya kuunga ifike mita 70. Siku hiyo toa matambara kwanza kwa nondo yenye ndoano, ongeza maji, vuruga hadi liwe kama uji mwepesi. Ukivuta tope zito, mpira unaziba katikati ya mawe. Mtu asiingie shimoni hata kwa dakika moja. Hewa ya humo inaangusha mtu kabla hajaita.

guta_la_asubuhi

Taka sasa. Watu 24 kwa nusu kilo ni kilo 12 kwa siku. Gari likipita mara mbili kwa wiki, kila safari unashusha kilo 42, na sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, viazi na mihogo, maana yake maji. Weka ndoo mbili zenye vifuniko. Ya maganda iende kila siku kwa mfuga nguruwe au mbuzi, wapo wengi milimani. Kinachobaki ni kilo 15 hivi kwa safari, salfeti moja, kijana anaishusha mara moja. Majivu yapoe usiku kucha kabla ya kuingia salfeti, yanachoma ghuba zima la taka. Pedi na nepi za kutupa zifungwe peke yake, zisiende kwa nguruwe.

msafiri_wa_pwani

Ibadan, Nigeria, nako ni mji wa vilima uliosongamana, na mto wake unaitwa Ogunpa. Taka na nyumba ziliubana, mwezi Agosti 1980 ukafurika ukaua watu wengi. Ukiutazama Mirongo siku ya mvua unaelewa ilivyokuwa. Lagos shida ni nyingine: maji ya ardhini yako juu, shimo linajaa kutoka chini, na mtaa wa Makoko nyumba ziko juu ya nguzo majini. Huko maji, hapa jiwe, lakini shimo halinyonyi kote kuwili.

mpangishaji_mlimani

Asanteni wakuu. Chemba ya karibu nimeonyeshwa, iko kichochoro cha pili upande wa kushoto. Nitajuaje kama iko chini ya choo changu? Kwa macho zinaonekana sawa.

chemba_40

Mlimani macho yanadanganya. Chukua mpira wa levo, ule mwembamba unaoonekana ndani, ujaze maji, toa mapovu yote. Ncha moja mdomoni mwa bomba la choo, nyingine juu ya chemba. Mpira ukiwa mfupi, pima kwa vituo na ujumlishe. Tofauti iwe milimita 5 kwa kila mita ya njia bomba litakakopita, si mita za ndege. Pima hadi sakafu ya chemba, siyo mfuniko wake.