Waliobeba mimba wakiwa na uvimbe kwenye ovari, tupeane uzoefu

Mama Kijacho: Wapendwa, mdogo wangu katoka kliniki analia. Mimba wiki ya 9, altrasaundi imeonyesha uvimbe wa maji wa sentimita 6, ovari ya kulia. Kaambiwa arudi wiki ya 16. Nimekumbuka yangu, kila nikikohoa nahisi umepasuka! Niliporudi kupimwa, haupo. Mliopitia semeni.

Shangazi Mtu: Wangu nao uliyeyuka wenyewe.

Nyota Njema: Achemshe mizizi ya mlonge, unakauka.

Nesi wa Zamu: @Nyota Njema mjamzito humpi mizizi ya kukausha. Kitakachokauka ni kingine. Vimbe nyingi za mwanzo wa mimba hubaki pale yai lilipotoka, na ndizo zinazotoa homoni ya kushikilia mimba hadi kondo lichukue kazi. Ndiyo maana wanasubiri.

Baba Wawili: Shemeji yangu alikuwa nao, kizazi kikatolewa.

Nesi wa Zamu: Hiyo fibroidi, uvimbe wa kizazi. Hapa ni ovari.

Baba Wawili: Si yote tumboni? Usitufokee bana.

Bi Mdogo: Mmenikumbusha mbali. Wiki ya 15, nasonga ugali, maumivu yakanikamata kushoto ghafla. Yanaachia, yanarudi, natapika mpaka nyongo. Mama mkwe akasema chango, akamwita bibi wa mtaani anikande tumbo. Alipogusa tu nilipiga ukelele, jirani wa bajaji akaingia bila hodi. Hospitali ya kwanza wakanipa dawa za yutiai nirudi nyumbani. Usiku nikapelekwa nyingine, dada daktari akasema ovari imejisokota, damu haipiti. Mume yuko na lori Tunduma, simu haipatikani, nikasaini mwenyewe. Nikapasuliwa mimba ikiwa humo humo. Ovari ilishakuwa nyeusi, wakaitoa na uvimbe wake. Ndani mafuta, nywele na JINO.

Shangazi Mtu: Jino??

Nyota Njema: Hapo kuna mkono wa mtu.

Nesi wa Zamu: Hakuna mkono wa mtu. Inaitwa dermoidi, chembe zake zinaweza kutengeneza ngozi, nywele, hata meno.

Baba Wawili: Jino la juu au la chini? 😂

Mama Kijacho: Na mtoto jamani?

Bi Mdogo: Yupo darasa la pili, leo kavunja dirisha la watu.

Mama Kijacho: Sasa wangu asubiri au asisubiri?

Shangazi Mtu: Asubiri.

Nyota Njema: Atolewe mapema, yasimkute ya jino.

Nesi wa Zamu: Afuate tarehe ya daktari. Ukibaki mkubwa na ikalazimu kuutoa, miezi mitatu ya katikati ndiyo nafuu. Ila maumivu ya ghafla na kutapika, damu, homa au kizunguzungu, aende saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana. Na asikandwe na mtu.

Shangazi Mtu: @Bi Mdogo mama mkwe alisemaje?

Bi Mdogo: Mpaka leo anasema bibi ndiye aliyeulegeza, daktari kamalizia tu.