Maksai wachanga wa plau: wapumzike kiangazi chote au waendelee na kazi?

Mkulima_Magu: Wakuu, nina maksai wawili wa miaka kama mitatu, meno manne kila mmoja. Msimu huu ndio wameanza plau, wamelima majaruba ya mpunga na kipande cha pamba. Mavuno yameisha na nyasi zinakauka. Wazee wengine wananiambia niwaache kabisa hadi mvua za Oktoba, wengine wanasema wakikaa bure watasahau, bora niwafunge mkokoteni. Niko karibu na ziwa, kwa hiyo majani mabichi ya ufukweni yapo mwaka mzima.

Nira_na_Mnyororo: Plau waache. Meno manne maana yake bado jozi mbili za meno ya utotoni hazijabadilika na mifupa inakua. Kiangazi malisho yanatosha kumweka ng'ombe hai tu. Ukimvutisha, nguvu anaitoa kwenye nyama yake mwenyewe, na Novemba utamkuta amekonda wakati ndipo unamhitaji.

Lakini kupumzika si kuachiwa. Mara mbili kwa wiki wakamate, wavalishe nira, watembee nusu saa bila mzigo: kwenda, kusimama, kugeuka. Kila mmoja abaki upande wake. Wa kulia ndiye anayekanyaga mfereji unaochimbwa na plau, ukiwabadilisha sasa utaanza kufundisha upya.

Gari_la_Ngombe: Mkuu hapo juu, mkokoteni mtupu au wenye gunia mbili kwenye njia tambarare hauna shida, mradi asubuhi na mapema.

Nira_na_Mnyororo: Gunia mbili leo, kesho jirani anaomba tofali. Kwa hawa wa meno manne nasema hapana.

Dawa_za_Mifugo: Mimi naogopa zaidi hayo majani ya ufukweni. Kiangazi mifugo yote inajazana kwenye majimaji, na humo wamo konokono wanaobeba minyoo ya ini. Vimelea vikitoka kwa konokono vinajishikiza kwenye majani karibu na maji, ng'ombe anavimeza. Dalili huja pole pole: anadumaa, manyoya yanasimama, utando wa ndani ya kope unapauka, baadaye uvimbe laini chini ya taya. Watu husema "njaa ya kiangazi", kumbe ini limeliwa.

Albendazole inatumika, ila soma chupa. Kipimo cha minyoo ya ini ni mg 10 kwa kila kilo ya uzito, kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida. Maksai wa kilo 250 anahitaji ml 25 za dawa ya asilimia 10, au ml 100 za ile ya asilimia 2.5. Wengi wanapunja hapa. Tena inaua minyoo iliyokomaa tu. Minyoo michanga inabaki, ndiyo maana dozi moja haitoshi. Triclabendazole inaua iliyokomaa na michanga pia, ukiipata. Usimwinue kichwa juu sana unaponywesha, dawa itaingia mapafuni. Maji mnyweshe kwa ndoo au birika la mifugo, na malisho yawe mbali na matope.

Mkulima_Magu: Asante sana. Sasa nikiwaondoa ufukweni watakula nini? Mabua ya mpunga ninayo mengi, lakini wanayala na bado wanakonda.

Ngitili_Kwimba: Mabua matupu hayana protini, yanajaza tumbo tu. Yatibu kwa urea: kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, koroga hadi iyeyuke yote, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu tabaka kwa tabaka ukishindilia, funika kwa nailoni pasipite hewa, wiki tatu. Kila siku toa ya kulisha tu, ianike kivulini hadi harufu kali ipungue. Waanzishie kidogo kidogo kwa wiki nzima. Ndama wa chini ya miezi sita asiguse, na chembe za urea zisizoyeyuka zinaua hata maksai.

Ukishindwa hayo, mashudu ya pamba kilo moja kwa siku kila mmoja, na jiwe la chumvi. Kama una ngitili, yaani malisho uliyoyafunga yasiliwe ili yawe akiba ya kiangazi, usiifungue Juni. Maliza kwanza mabua ya shambani, ngitili ifunguliwe Agosti au Septemba, ili waingie kazini wakiwa na mwili.

Nira_na_Mnyororo: Naongezea kurudi kazini, maana hapo ndipo wachanga huharibika. Ngozi ya shingo hulegea kwa miezi ya kukaa. Anza katikati ya Septemba: wiki ya kwanza nira kila siku, ya pili waburute gogo la kilo 30 hivi, ya tatu plau kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, kwa muda wa saa moja hadi mbili asubuhi. Mbuga, ule udongo mzito wa mfinyanzi, waachie wakubwa.

Kagua nira kwa kiganja: palipokwaruza, piga msasa. Ukiona manyoya yamenyonyoka shingoni, simamisha kazi siku hiyo hiyo, osha kwa maji ya chumvi, usipake oili chafu. Maksai aliyevutishwa na kidonda hujifunza kulala chini mferejini, na tabia hiyo ni ngumu kuitoa.

Gari_la_Ngombe: Na vijiti vya nira visibane koo. Viganja viwili vipite kati ya kamba na shingo akiwa amesimama.